Bar kubwa za Mwanza: ukishakaa mezani unahudumiwa na nani hasa?

Mtu wa Bwiru

Wakuu salaam. Swali langu ni kwa mnaokaa sana kwenye hizi bar kubwa za hapa mjini, zile zenye kila kitu ndani, bia, jiko, choma, skrini za mpira, bembea za watoto na paking ya kumeza magari ya harusi nzima. Jina la niliyoenda sitaji, sitaki ugomvi na mtu, na kusema kweli nyingi nilizoingia mwendo ni ule ule.

Jumamosi nilikuwa na wageni, shemeji yangu na familia yake kutoka Geita. Siku hizi tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawana habari ya kuwahi kivuko, wanakuja kula mjini na usiku huo huo wanageuza. Nikasema ngoja niwapeleke sehemu ya heshima, inayoangalia ziwa.

Tumefika kwenye saa kumi na mbili jioni. Mhudumu kaja mbio hata viti hatujavikalia vizuri, kachukua oda ya vinywaji, vimekuja baridi kabisa, hapo sina neno. Tukataka chakula, akasema chakula siyo yeye, anamwita wa jikoni. Wa jikoni kaja baada ya muda, kaandika sato watatu wa kuchoma na ugali, tulipotaja mbuzi kilo moja na nusu akasema hiyo muoneni mchomaji. Mchomaji yuko kule karibu na geti, nimenyanyuka mwenyewe kwenda kuongea naye kama naenda kuomba kazi.

Samaki wamefika saa mbili na ushee. Mbuzi kafika samaki wameshaisha na ugali umekuwa jiwe, kachumbari naambiwa nyanya zimeisha, kila ukimuuliza mtu anakuonyesha mtu mwingine kwa kidole. Halafu bili, bili zilikuja tatu! Ya vinywaji kwenye karatasi ya daftari, ya jikoni kwa mdomo tu, ya choma kaja mchomaji mwenyewe na mikono ya mkaa anataka chake. Ya vinywaji ina bia mbili ambazo pale mezani hakuna aliyezinywa, na chupa zilishaondolewa zamani utahesabu nini. Menyu sato imeandikwa kuanzia 15,000, nimetozwa 25,000 kila mmoja, naambiwa ndiyo saizi mliyokula.

Nikaomba meneja. Kaja kijana mpole sana, anaongea vizuri, akaniambia "bosi mimi nahusika na bar tu, jikoni ni watu wengine". Watu wengine vipi wakati tumeingia geti moja na kibao cha nje kina jina moja?

Nililipa maana shemeji ananiangalia. Ila nauliza, na nyie mnakutana na haya, na mnafanyaje ili mtoke na bili yenye akili?

Binti wa Igoma

Pole kaka. Jina usitaje sawa, ila taja mtaa tu tutajua wenyewe hahaha

Mtu wa Bwiru

Dada mtaa ni ufukweni, ziwa hili kubwa tafuta mwenyewe

Kaunta Mstaafu

Mkuu nimekaa kaunta muda mrefu, hapa Mwanza na Musoma pia, acha nikupe picha ya ndani maana wateja wengi wanagombana na mtu asiyehusika halafu anayehusika yuko pembeni anakunywa soda.

Bar kubwa nyingi unaiona moja lakini ndani ni biashara nne au tano zimepanga chini ya paa moja. Mwenye bar yake ni vinywaji. Jiko kalikodisha kwa mtu, anapokea kodi ya mwezi basi. Choma ni mtu mwingine, kitimoto mwingine tena kajitenga kule nyuma, chipsi unaweza kukuta ni kijana na karai lake analipa kwa siku. Kwanini wanafanya hivyo, ni kwa sababu bia haiozi. Bia ikilala leo utaiuza kesho, kreti ziko stoo unazihesabu, hesabu yake ni rahisi hata mwenye bar akiwa Dar. Chakula ni kichwa kinauma, samaki akilala siku mbili ni hasara, mpishi akikuibia kilo ya nyama hujui kaiweka wapi. Kwa hiyo tajiri anasema mimi nichukue kodi, hasara za nyama wabebe wenyewe. Matokeo yake ndiyo hayo, meneja uliyemwita kweli hana amri jikoni, akimfokea mpishi mpishi anamwambia mimi nina mkataba na bosi wako.

Sasa njoo kwa mhudumu, hapa ndo watu hawaelewi kabisa. Bar nyingi mhudumu hakuletei bia ya bar, anakuletea bia aliyoinunua yeye. Anaingia zamu na mtaji, au anapewa vinywaji vinaandikwa kwa jina lake, kila chupa inayotoka kaunta inahesabika ni deni lake. Usiku tunapofunga hesabu mimi wa kaunta wewe sikujui, namjua yeye. Ukiingia mitini na bia sita ni shoti yake, anakatwa. Mshahara wenyewe mdogo na wengine wanaishi kwa chenji mnazowaachia. Ndiyo maana vinywaji vilikuja mbio na chakula kikasuasua, kwenye bia ana chake, kwenye sato wa watu hana kitu labda mpishi amkumbuke na kipande.

Na zile bia mbili za hewa. Mara nyingine ni kuchanganya meza tu, jumamosi mtu ana meza nane na kichwa kimoja. Ila wapo, tena siyo wachache, wakipigwa shoti meza ya kule pembeni wanaitafuta kwenye meza yenye watu wengi na waliochangamka. Meza ya wageni wa mbali ndo nzuri zaidi kwa sababu mwenye wageni ataona aibu kubishana. Simtetei mtu nakueleza inavyokwenda.

Dawa ni ya zamani, mwambie tangu mwanzo chupa zisiondoke mezani. Akisema meza imejaa mwambie aziweke kwenye kreti pembeni ya kiti chako. Hata vizibo unaweza kuviweka kwenye glasi, baa za uswahilini wanafanya hivyo miaka yote na hakuna anayenuna. Au lipa kila raundi inapofika, hapo hesabu haina pa kujificha.

Mzee wa Mabatini

Huyu kaunta kaongea ukweli mtupu. Mimi vizibo naweka mfukoni, mke wangu akifua suruali anajua nimekunywa ngapi.

Yanga wa Pasiansi

Mi naona mnawaonea wenye bar. Mteja wa Mwanza naye mumseme. Siku ya dabi nenda bar yoyote kubwa, mtu kafika saa tisa mechi saa kumi na moja, kakalia kiti cha mbele kabisa, kavuta na viti vingine vinne eti wenzangu wanakuja, mezani ana maji ya buku moja tu, na maji yenyewe anayanywa kwa kipimo kama dawa. Filimbi ya mwisho ananyanyuka anakwenda zake. Mwenye bar kalipia king'amuzi, umeme, mlinzi wa paking, dijei, wote wanamwangalia yeye. Ndo maana siku hizo wengine wanaweka sharti meza lazima iagize kiasi fulani au bia inapandishwa kwa jero, na watu wanalalamika wameibiwa.

Halafu hao wanaoingia mitini mnawajua ni ndugu zetu. Mtu anaaga anaenda kupokea simu, simu inapokelewa Buhongwa.

Binti wa Igoma

"simu inapokelewa Buhongwa" nimecheka mpaka mtoto kaamka

Mama Wawili Nyakato

Nami niongeze la upande wetu akina mama maana hapa naona mnahesabu bia tu.

Kwanza mwanamke ukiingia peke yako mchana hizi sehemu, umetoka zako kazini unataka kula, swali la kwanza siyo unakula nini, swali ni "unamsubiri nani?". Nasubiri ugali. Utakaa pale kama mtu aliyesahauliwa, mhudumu anakupita anakwenda kwa wanaume walioingia nyuma yako kwa sababu anajua pale kuna bia na chenji. Nikija na mume wangu sasa, mimi ndo nimeagiza, mimi ndo natoa simu nalipa, bili na risiti anapewa baba. Mume wangu mwenyewe anacheka anasema mpe mwenye hela.

Pili watoto. Wametangaza kabisa ni sehemu ya familia, kuna bembea na lile jumba la kurukia la hewa. Nimefika, bembea zina mtu wake, analipisha kwa kichwa kwa nusu saa, naye siyo wa bar, kakodi kile kipande cha ardhi. Mtoto akaanguka akachubuka goti nikaenda kaunta kuomba hata maji ya kuoshea, wananiambia mtafute mwenye bembea, na mwenye bembea kaenda kula! Niliposoma maelezo ya Kaunta Mstaafu ndiyo nimeelewa, kumbe hata goti la mwanangu lilikuwa na mpangaji wake.

Na muziki jamani. Saa kumi na moja jioni watu wako na watoto na wazee wao wanaongea mambo ya familia, spika iko mgongoni kwako, mnaongea kwa ishara kama mko kwenye boti ya injini. Ukiomba wapunguze unaambiwa dijei naye kakodiwa, analipwa apige.

Vyoo sitavisema nisije nikaharibu hamu ya mtu.

Mtu wa Bwiru

Duh Mama Wawili pole kwa mtoto. Na Kaunta umenifungua macho, kumbe ndo maana wakati wa kulipa nilipewa lipa namba tatu na kila moja jina likitokea kwenye simu ni la mtu tofauti, nikajua wamekosea nikataka kukataa. Sasa mtu anisaidie la sato, ile "kuanzia" kwenye menyu ni halali? Maana mbuzi nalo, kilo moja na nusu ilivyoletwa mezani mi naapa haikufika hata kilo.

Dalali wa Mwaloni

Hapo ndo kwangu. Mimi niko soko la samaki la Kirumba Mwaloni, hizi bar nyingi asubuhi wanatuma watu kuchukua mzigo kwetu, nawajua wanaonunua wa leo na nawajua wanaokuja jioni kuokota waliobaki kwa bei ya kutupa, ila wote ni wateja wangu siwezi kuwasema.

Sato hawezi kuwa na bei moja kwenye menyu mwaka mzima, anayekuandikia bei moja ama anakupunja siku samaki wakiwa wengi ama anakuletea kadogo siku wakiadimika. Ziwa lina siku zake, upepo ukichafuka mitumbwi haitoki, kesho yake bei sokoni inaruka. Na siku hizi kuna sato wa vizimba, wa kufugwa, hao ndo wamesaidia kidogo maana wanavunwa hata upepo ukivuma, wanakuja wa saizi zinazofanana, wana mafuta. Wa ziwani nyama yake imekaza zaidi na mtu wa hapa kwetu anamjua akimuweka tu mdomoni. Sisemi wa kizimba mbaya, wa kuchoma anafaa sana kwa yale mafuta, ila basi usiuziwe wa kizimba kwa bei na sifa za wa ziwani.

Kwa hiyo "kuanzia" siyo wizi yenyewe kama yenyewe. Wizi ni kutokukuonyesha. Sato wa 15,000 na wa 25,000 ukiwaona wabichi kwenye sinia unawatofautisha hata kama umetoka Dodoma, lakini akishachomwa na kufunikwa na vitunguu na karoti na ndimu juu utajuaje. Simama nenda jikoni au mwambie alete samaki mezani akiwa mbichi. Mkubaliane bei pale pale ndo achomwe. Ukimuangalia muangalie jicho, liwe limejaa na linang'aa, likiwa limezama na lina ukungu huyo ni wa juzi. Fungua shavu, ndani pawe pekundu siyo kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole, nyama irudi. Ubavu ukibaki na shimo muache na shimo lake.

Na akikuletea kasato ka kiganja mkatalie, sheria sato chini ya sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, kama ilivyo sangara chini ya sentimita 50. Tunamaliza ziwa wenyewe alafu tunauliza samaki wameenda wapi.

La mbuzi nalo rahisi. Kilo inapimwa mbichi na mifupa yake. Ikienda kwenye moto maji na mafuta vinaondoka, inapungua robo na zaidi, ikichomwa sana kavu inapungua zaidi ya hapo. Kwa hiyo kilo na nusu kuja mezani kama kilo na kidogo ni kawaida kabisa. Isipofika kilo na haijakaushwa sana basi huenda kuna kipande kimekwenda matembezi. Simama kwenye mzani, chagua sehemu, kama kuna paja sema paja, na usirudi kukaa mpaka uone imewekwa motoni hiyo hiyo uliyopimiwa.

Mzee wa Mabatini

Dalali unataka mtu avae shati jeupe akasimamie moto saa nzima kule getini? Si bora achome nyumbani kwake.

Dalali wa Mwaloni

Mzee basi asilalamike kilo ikipungua

Kaunta Mstaafu

Nongezee hapo kwenye kuchelewa. Sato mzima wa mkaa anataka muda mpaka aive mfupani, mbuzi ni zaidi. Akitoka haraka mno ujue huenda alishachomwa mchana anapashwa tu. Tatizo siyo muda, tatizo hawakuambii. Jiko lile lile lenye nafasi ya samaki kumi na tano jumatano ndo hilo hilo jumamosi lina oda hamsini, na oda nyingi zinapelekwa kwa mdomo, kelele za muziki, mpishi kasikia wawili wewe umesema watatu. Mimi nikienda na watu napiga simu mchana naagiza kabisa, nikifika saa kumi na mbili nakuta moto uko tayari. Wapishi wengi wanatoa namba zao vizuri tu, ni biashara yake anaitaka.

Na fika mapema. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga, basi wako mjini na hela zao, bar za upande wa Kirumba hazina pa kukaa. Angalia mwezi kwanza ndo upange kutoka na shemeji hahaha.

Risiti Mkononi

Kuna kitu hakuna aliyekigusa. Ile karatasi ya daftari siyo risiti. Kila mmoja kati ya hao watatu, kama mauzo yake yamefikia kiwango cha kutumia mashine, anatakiwa akupe risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye jina la biashara, TIN, tarehe na saa, na namba ya kuhakiki ambayo unaweza kuiangalia TRA kwenye simu hapo hapo. Faida yake kwa mgomvi wa bili ni kwamba mtu akijua lazima akipige kwenye mashine, zile bia za hewa zinapungua zenyewe, hakuna anayetaka kulipia kodi bia isiyokuwepo. Na kumbuka hata mnunuzi asipodai risiti ni kosa kisheria, siyo muuzaji peke yake.

La pili, kuna mchezo wa kukuongezea VAT mwishoni. Umekula kwa bei ya menyu, bili inakuja na asilimia 18 juu. VAT anatoza aliyesajiliwa tu, na risiti yake itaonyesha namba ya usajili wa VAT, VRN. Jiko dogo la kukodi ambalo mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 200 halilazimiki hata kusajiliwa. Kwa hiyo akikutajia VAT mwambie kwa upole niletee risiti yenye VRN. Mara nyingi VAT inayeyuka palepale mezani.

Yanga wa Pasiansi

Mkuu Risiti ukidai EFD saa nne usiku utaambiwa mashine haina mtandao mpaka ukichoka unaondoka

Risiti Mkononi

Nakaa. Sina haraka, na kiti ni chao.

Kaunta Mstaafu

Mteja kama huyu tulikuwa tunamwita "mwenye nchi" hahaha, akiingia tu mashine mtandao unarudi.

Mgeni wa Bukoba

Salaam wana Mwanza. Mimi nakuja huko kila mara kwa shughuli zangu, nikiwa na jioni ya bure natafuta sehemu ya kula, nimekutana na hayo yote mliyosema ila niseme na mazuri maana yapo.

Kuna moja kubwa, sitaitaja nisionekane natangaza, mhudumu ni mmoja tangu unakaa mpaka unaondoka. Meza ina namba. Ukiagiza anaandika kwenye kikaratasi chenye nakala, moja inaenda kaunta moja jikoni moja inabaki na wewe mezani, ukitaka kujua umefikia wapi unaangalia mwenyewe. Nilipotaka sato akaniletea wawili wabichi kwenye sinia akataja bei ya kila mmoja, nikachagua, akaniambia kabisa "kaka hii ni saa nzima, nikuletee supu kwanza au ndizi?". Saa nzima ikafika, samaki akafika. Kuchelewa kama umeambiwa hakuumi kabisa, nilikuwa naangalia ziwa natafuna ndizi choma. Mwisho bili moja, risiti moja.

Nikamuuliza meneja mbona nyie mko tofauti, akasema jiko ni lao wenyewe, walilikodisha zamani wakaona lawama zote zinakuja kwenye jina lao, wakalirudisha. Anasema faida ya chakula ni ndogo mpaka leo lakini anayekula vizuri anakaa, na anayekaa anakunywa. Ila bei zao ziko juu kidogo kuliko jirani zao, nisidanganye.

Mama Wawili Nyakato

Mgeni wa Bukoba hiyo bei ya juu mimi nailipa bila kuuliza. Wana bembea?

Mgeni wa Bukoba

Zipo mbili za chuma dada, hazina mwenyewe wala hazilipiwi. Muziki upo ila wameupeleka upande wa skrini, upande wa ziwa mnasikilizana.

Mama Wawili Nyakato

Nitumie jina faragha

Binti wa Igoma

Na mimi

Yanga wa Pasiansi

Na mimi, ila nauliza skrini ni kubwa?

Mzee wa Mabatini

Mnaona sasa, ikija mechi ijayo na hiyo itaharibika, mtaenda wote na maji ya buku.

Mtu wa Bwiru

Wakuu nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimempigia shemeji nikamsomea ya Kaunta, anasema hata Geita bar kubwa ni hivyo hivyo, wachimbaji wakipata hela bili zinazaa zenyewe. Bado nina moja, Kaunta, huyu mhudumu aliyenibambika zile bia mbili, ningekataa kulipa ingekuwaje? Maana sitaki mtu akatwe mshahara kwa ajili yangu, ila na mimi siyo benki.

Kaunta Mstaafu

Ungekataa kwa adabu, ungemwambia mbele ya meneja wa bar, siyo wa jikoni wala mchomaji, "tumekaa watu sita, tumekunywa raundi mbili, hesabu ni hii". Meneja angeangalia daftari la kaunta, kule kila chupa iliyotoka ina saa na jina la mhudumu. Kama kweli zilitoka kwa jina lake kwenye muda mliokuwepo zitatafutwa zimekwenda meza gani. Kama hazikutoka kabisa basi hana cha kukatwa, alitaka tu kuongeza. Kwa hiyo usiogope kuuliza, ukiuliza mapema na bila kelele haumii mtu. Wanaoumia ni pale mteja anapoanza kutukana, hapo kila mtu anamtetea wa kwake na daftari halifunguliwi tena.

Na kama alikuhudumia vizuri muachie kitu mkononi mwake, usiache kwenye lipa namba. Ikiingia kwenye lipa namba haimfikii.

Mtu wa Bwiru

Nimekuelewa mkubwa. Jumamosi hii wanakuja tena, safari hii na mama mkwe, huyo sithubutu kumpeleka kwa mchomaji. Dalali nitafutie sato wanne wa ziwani wa saizi ya kueleweka, mkaa ninao nyumbani.

Dalali wa Mwaloni

Njoo kabla ya saa moja asubuhi, ukichelewa utakuta wamechukua wa bar. Njoo na ndoo au beseni, mifuko ya plastiki hakuna. Na usije umevaa shati jeupe.